Mwenye Kuagiza Ndiye Kiongozi

Inatangazwa kwa watumishi wote, wakubwa kwa wadogo, wenye njaa na walioshiba, kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane hakuna mtumishi wa Ofisi ya Kuratibu Waratibu atakayekula chakula cha Kichina safarini, wala kukitamani, nje ya utaratibu.

Hivyo ndivyo Waraka ulivyoanza, na ulipobandikwa ukutani watu walisimama kuusoma mpaka chai ikapoa. Ulikuwa na mafungu sita, mihuri mitatu na sahihi moja pana ya Mkurugenzi Ondoga. Uliandikwa kwa Kiswahili kwa sababu za haki. Ungeandikwa kwa Kilugbara, Wakakwa wangenuna. Ungeandikwa kwa Kikakwa, Wanubi wangenuna. Kiswahili hapa kwetu hakina mwenyewe, kila mtu anakivunja apendavyo, kwa hiyo hapakuwa na wa kununa.

Najua watu wa nje watauliza: ofisi nzima inatungaje waraka juu ya wali? Hao hawajui yaliyotokea Koboko. Basi waelezwe, ili wakicheka wacheke wakijua.

Ofisi yenyewe iko Arua, upande wa barabara ya Manibe, na kazi yake ni nzito. Kuna mratibu wa visima, kuna mratibu wa vyoo, kuna mratibu wa mbegu za muhogo, kuna na mratibu wa mikutano ya waratibu. Watu hawa wakiachwa hivi hivi wataratibu ovyo. Ndiyo maana tukapewa Mkurugenzi Ondoga, mtu wa Aroi, mwenye kifua kipana na suti ya kijivu, na mwenye tabia moja ambayo mtumishi mpya huambiwa hata kabla hajaonyeshwa choo: Mkurugenzi hasaini kitu kabla hajala, na akila vibaya hasaini kabisa.

Aliyeijua tabia hiyo kwa uchungu ni Zuhurah, msaidizi wa itifaki. Fomu yake ya uhamisho kwenda kituo chetu kidogo cha Koboko ilikuwa imekaa mezani kwa Mkurugenzi miaka miwili na nusu. Haikukataliwa. Ingekataliwa angelia siku moja, akatafuta njia nyingine. Ilikuwa inasubiri mlo mzuri. Na huko Koboko alikuwako mama yake, Medina, mjane, ambaye macho yake yalikuwa yanazimika pole pole kwa ugonjwa wa sukari, na bado anajipikia mwenyewe kwa kupapasa, kwa sababu kukaa akapikiwa na jirani ni jambo asilotaka hata kulisikia. Kila Zuhurah alipofunga ofisi jioni, alifikiria jiko lile la mama yake, na moyo ulikuwa haukai.

Sasa hilo tukio. Mwezi wa sita msafara wa watumishi kumi na wawili ulikwenda Koboko kukagua uratibu. Walipomaliza kukagua, saa saba mchana, basi dogo la ofisi likasimama mbele ya mkahawa mpya wa Kichina, ule ulioko kando ya barabara ya mpakani, wenye taa nyekundu mlangoni na ubao wa picha juu ya kaunta. Ni mahali pa haraka. Madereva wa malori ya Juba wanaingia, wanasema namba, wanabeba sinia lao, wanakula, wanaondoka. Picha ziko thelathini na nane, kila moja na namba yake, na chini yake maandishi ya Kichina kwa faida ya anayekijua.

Lazima ieleweke kwamba kwetu mgeni haulizwi atakula nini. Kumuuliza ni kumtangazia kwamba jikoni hamna kitu, ataje tu tusikie. Mgeni anakaa, ananawa mikono, anawekewa kilichopo, anakula, anashukuru. Mkurugenzi Ondoga alikuwa na miaka hamsini na sita, amekula katika kila wilaya ya West Nile, na hajawahi kuulizwa hata siku moja. Ghafla akaulizwa na ubao. Tena akiwa amesimama foleni, nyuma ya wapakiaji wa vitunguu.

Desturi ya ofisi nayo iko wazi. Mkubwa akisema soda, wote soda. Na mkubwa haulizi kitu hiki ni nini, maana anayeuliza hajui, na asiyejua atakuwaje mkubwa? Mkurugenzi akautazama ubao muda wa kutosha mtu adhani anauelewa, kisha akasema, "Tisa." Kumi na mmoja waliobaki wakapita mbele ya kaunta, mmoja baada ya mwingine, wakasema tisa.

Namba tisa ilikuwa mafuta ya pilipili. Bakuli dogo jekundu, la kunyunyizia juu ya chakula. Chakula chenyewe kilikuwa na namba zake. Margarita, dada wa kaunta, aliwatazama kwa huruma, akawauliza kama hawataki na kitu cha kula nayo. Mkurugenzi akamjibu kwamba ofisi yake ikitaka kitu itasema. Akachukua kijiko. Watumishi kumi na wawili wa serikali wakala mafuta ya pilipili kwa vijiko, kwa utulivu, kama uji wa asubuhi. Mhasibu alitokwa na machozi hadharani akasema ni mafua. Zuhurah alimaliza bakuli lake, na mpaka leo hajui alilimalizaje.

Meza ya pembeni alikaa Sule, dereva. Sule si mtumishi wa ngazi, kwa hiyo desturi haimfiki. Alikuwa anakula wali wa kukaanga na yai, na alikuwa anafurahi. Hilo ndilo lililomchoma Mkurugenzi kuliko pilipili.

Wiki ile kalamu ikafungwa. Likizo zikasimama, barua za hospitali zikasimama, mratibu wa vyoo akakaa bila ruhusa ya kwenda chooni kwake kijijini alikokuwa anajenga. Mkurugenzi alitamka kwamba heshima ya ofisi ilipotelea pale na itapatikana palepale. Siku atakapokula vizuri katika mkahawa ule ule, mbele ya watumishi wale wale, ndiyo siku atakayosaini yote. Zuhurah akaelewa kwamba uhamisho wake umening'inia kwenye sahani moja ya Koboko.

Ikaundwa Kamati ya Muda ya Uagizaji Safarini, watu saba. Zuhurah aliwekwa kupiga chapa. Mihtasari akapewa Obitre wa Adumi, mzee wa ofisi, ambaye kwa miaka ishirini ameandika kila linalosemwa mbele yake, pamoja na vikohozi.

Siku ya kwanza Zuhurah alipendekeza kwamba mtu mmoja apande gari, aende Koboko, aulize. Ni mwendo wa saa moja na ushee. Pendekezo lilijadiliwa kutwa nzima, likakataliwa kwa hoja nzito: kwenda pale ni kuagiza, na kuagiza hakuruhusiwi mpaka Waraka upite. Badala yake ikatumika picha ya ubao iliyopigwa kwa simu siku ile ya tukio. Picha ilikuwa safi, ila kichwa cha Sule kilikuwa kimefunika namba kumi na nne mpaka ishirini na tatu.

Sule mwenyewe alikuwa nje anaosha gari. Aliwasikia, akainamisha kichwa dirishani akasema, "Wakubwa, mutu anaangalia tu sufuria gani iko kwa moto. Ile iko kwa moto, hiyo ndiyo anasema." Obitre aliandika: Sauti kutoka nje. Haikuzingatiwa.

Vikao vilikuwa sita. Kila kikao kilifungwa kwa sinia la enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, pamoja na maharage, vilivyoletwa na Mama Peace wa ng'ambo ya barabara. Mama Peace hakuwahi kumuuliza mtu anataka nini, na hakuna mjumbe aliyewahi kupata tabu ya kujua afanye nini na chakula kile.

Katikati ya kikao cha tano jirani wa Medina akapiga simu. Mama amejimwagia mafuta ya moto mkononi, alikuwa anatafuta kifuniko. Zuhurah alisikia mama yake akinyang'anya simu na kusema kwamba ni kidogo tu, watu wa Koboko wanapenda kukuza mambo, na Mungu hakumpa mkono mmoja. Zuhurah akaenda kulia uani. Akanawa uso, akarudi kupiga chapa Fungu la Tatu.

Kikao cha sita kikafikia muafaka. Ilionekana kwamba namba ndogo ni dharau, inaonyesha mtu hakusoma ubao wote. Namba kubwa ni majivuno. Serikali hukaa katikati, na katikati ya thelathini na nane ni kumi na tisa. Mjumbe mmoja alikumbusha kwamba kumi na tisa iko nyuma ya kichwa cha Sule, haionekani. Mwenyekiti akajibu kwamba hiyo ndiyo nguvu yake, maana hakuna anayeweza kuipinga.

Ndipo Waraka ukapita, kwa mafungu ambayo Mkurugenzi aliyapitia mwenyewe neno kwa neno akiwa amekula enyasa ya Mama Peace, akausaini huo tu, maana bila huo hakuna safari. Fungu la Kwanza lilitaja namba kumi na tisa. Fungu la Pili liliwekwa ili asitokee tena mtu wa kushiba pembeni: mwenye kuagiza ndiye kiongozi wa msafara, wengine wote, na madereva wao, watakula alichoagiza, na karatasi zote za safarini atazisaini yeye. Fungu la Tatu lilisema Mkurugenzi hatasimama foleni. La Nne lilikataza kuuliza kitu ni nini. La Tano lilihusu vijiko. La Sita lilikuwa la mahindi, kwa sababu Mkurugenzi aliwajua watu wake: kwamba msafara haufungwi mpaka kiongozi ashuke garini mbele ya ofisi, Arua, na kabla ya hapo hakuna atakayetia kinywani kitu ambacho kiongozi hakuagiza, hata mahindi ya kuchoma njiani.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane, saa saba kamili, basi dogo likasimama tena mbele ya taa nyekundu. Zuhurah alikuwa na fomu yake katika mkoba, ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa nailoni, isije ikadondokewa na kitu.

Mkurugenzi aliingia wa kwanza. Akachagua meza ya katikati chini ya feni, akakaa, akaweka mikono juu ya meza, akangoja. Watumishi kumi na mmoja wakakaa, wakaweka mikono juu ya meza, wakangoja. Sule akakaa meza ya pembeni akiutazama ukuta, maana siku hiyo na yeye alikuwa ndani ya Waraka.

Baada ya robo saa Margarita akasema kutoka kaunta, kwa heshima, "Mzee, hapa hatuleti kwa meza. Mutu anakuja hapa, anasema, anabeba mwenyewe."

Mkurugenzi hakugeuka. Yeye haruhusiwi foleni, Fungu la Tatu liko wazi. Wengine je? Hapo ndipo penye kazi. Anayeagiza ndiye kiongozi, kwa hiyo kuinuka tu kwenye kiti mbele ya Mkurugenzi Ondoga ilikuwa ni kupindua. Watumishi waliishika miguu ya viti vyao, visije vikasogea vikaeleweka vibaya.

Saa nane ikapita. Madereva wa malori waliingia wakala wakatoka, wengine walikuja, nao wakala wakatoka. Tangawizi na kitunguu saumu vilitoka jikoni vikazunguka feni vikawashukia vichwani. Obitre aliandika: Mngurumo, saa nane na dakika ishirini. Chanzo hakikujitaja.

Zuhurah aliangalia nje. Kutoka pale mpaka nyumbani kwa mama yake ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, ukiwa unasalimia watu. Aliwaza kwamba saa hizi Medina anapapasa sufuria kwa ule mkono wenye bendeji, na yeye bintiye amekaa hapa karibu, amekunja mikono, analinda foleni isiyo na mtu. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Saa tisa kasorobo uso wa Mkurugenzi ulikuwa umekuwa rangi moja na suti yake. Akainama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Zuhurah. Nenda ukaagize."

"Bwana Mkurugenzi, kuna Fungu la Pili."

"Najua Fungu la Pili."

"Nikiagiza mimi, mimi ndiye kiongozi wa msafara."

"Kuwa," akasema Mkurugenzi. "Lakini kuwa haraka."

Obitre akaandika neno kwa neno, akapiga mstari chini, akaandika na saa.

Zuhurah akainuka. Alifika kaunta na kumi na tisa iko ulimini, na hapo akafanya jambo ambalo kamati nzima haikulifanya kwa vikao sita. Aliuliza. "Dada, kumi na tisa iko nini?"

Nyuma yake mtu alivuta pumzi. Margarita akageuka, akachukua kitu rafuni, akakiweka mbele yake. Lilikuwa kopo la plastiki la kubebea chakula, na kifuniko chake. Tupu.

"Iko hii," akasema. "Kama mutu anataka kubeba."

Zuhurah alilitazama lile kopo. Akayaona makopo kumi na matatu, yamepangwa mezani, na wakubwa wamechukua vijiko. Wangekula, aliwajua. Wangekula kwa adabu na kusema limepikwa vizuri, na mhasibu angeomba la pili. Akataka kucheka, machozi yakamtangulia.

Basi akanyoosha shingo akaangalia jikoni. Mpishi, Mchina aliyekuja na watu wa kujenga barabara akabaki, alikuwa anarusha wali kwenye karai kubwa, moto unamlamba mpaka kiwiko. Karai la pili lilikuwa na tambi na kuku. Zuhurah akauliza kuhusu nguruwe, kwa kuwa Waislamu walikuwa watano, na Sule wa sita. Margarita akamwambia nguruwe ni namba thelathini kwenda juu, tena karai lake liko peke yake kule nje. Swali lilichukua muda wa kufunga kiatu. Zuhurah akaagiza wali wa yai, tambi za kuku, majani mabichi yaliyokaangwa kwa kitunguu saumu, na supu ya yai kwa kila mtu. Akaongeza tisa mbili, za kunyunyizia.

"Sasa waite watu yako," Margarita akamwambia. "Kila mutu anabeba yake."

Na walikuja. Mkurugenzi pia alikuja, alibeba sinia lake kwa mikono miwili, kama anapokea kikombe cha mashindano, na aliporudi alikuta kiti cha chini ya feni kimeachwa wazi kwa ajili ya kiongozi na watu wote wanamtazama Zuhurah. Alisimama kidogo. Kisha akaenda kukaa mwisho wa meza, karibu na Sule, maana ndipo palipobaki.

Mkurugenzi alikula wali, akala tambi, akarudi kwa wali. Akachota pilipili kwa ncha ya kijiko, akainyunyiza juu, akaonja. "Kumbe," akasema, akaendelea kula.

Aliposhiba, uso ulimrudi wote. Akajifuta mdomo, akatia mkono mfukoni, na kalamu ikatoka. Ungewaona watumishi! Wiki saba za karatasi zikaibuka kutoka kwenye mikoba, kwenye soksi, chini ya kofia. Zuhurah akaitoa fomu kwenye nailoni, akaitoa kwenye bahasha.

Obitre akakohoa, akakiandika kikohozi, kisha akasema kwamba kwa masikitiko makubwa inabidi akumbushe mwisho wa Fungu la Pili. Karatasi zote za safarini husainiwa na kiongozi wa msafara.

Mkurugenzi angeweza kusema Waraka ni upuuzi. Lakini Waraka ulikuwa na mihuri mitatu na sahihi yake mwenyewe, na mtu hawezi kuwa mkubwa wa upuuzi. "Obitre amesema kweli," akatamka. "Utaratibu ni utaratibu." Akamsukumia Zuhurah kalamu, kwa sababu Zuhurah hakuwa na ya kwake yenye wino.

Zuhurah akasaini. Alianza na barua ya hospitali ya mhasibu, ambaye kumbe mafua yake yalikuwa ya kweli. Akasaini likizo, akasaini vibali, akamsainia mratibu wa vyoo choo chake. Yake aliisaini mwisho. Mhuri aliupiga Mkurugenzi mwenyewe, maana mkono wake ulikuwa umeuzoea. Uhamisho ulikuwa wa kuanzia siku ile ile.

Basi dogo likaondoka na watu kumi na wawili, Sule akiwemo. Kiongozi wa msafara alibaki kando ya barabara akiwapungia, kisha akageuka akaanza kutembea kwenda kwa mama yake, akiwa amebeba supu katika namba kumi na tisa.

Shida ilijitokeza Manibe. Wanawake walisogeza mahindi ya kuchoma madirishani, Mkurugenzi akanyoosha mkono, Obitre akakohoa. Fungu la Sita. Kiongozi hajashuka mbele ya ofisi, Arua. Mkurugenzi akasema kiongozi hayumo hata garini. Obitre akajibu kwamba asiyemo garini hawezi kushuka, na asiposhuka msafara haujafungwa. Mahindi yakarudishwa. Sule, ambaye hajui kusoma, alikwisha kula hindi la kwanza.

Tangu siku hiyo Ofisi ya Kuratibu Waratibu iko safarini. Watumishi wanalala makwao, wanakuja kazini asubuhi, lakini kwa utaratibu bado wako njiani kutoka Koboko. Karatasi zinakwenda kwa Zuhurah na kurudi. Kuufuta Waraka nako kunahitaji sahihi ya kiongozi. Na kila siku saa saba mchana Mkurugenzi anapiga simu Koboko kuuliza ale nini. Zuhurah anamwambia leo maharage, leo samaki, leo enyasa bila nyama kwa ajili ya presha yake, na ofisi nzima inakula hivyo hivyo. Wengine wanasema Mkurugenzi amependeza tangu apungue.

Mara nne Mkurugenzi alimwomba aje Arua siku moja tu, ashuke garini mbele ya ofisi, arudi zake. Zuhurah hakukataa. Alisema tu kwamba safari ya kikazi ina fomu yake.

Mwezi wa kumi na moja Mkurugenzi akaichukua hiyo fomu na kuipeleka mwenyewe Koboko ikasainiwe. Sule alimfikisha mpaka mlangoni. Zuhurah alikuwa kibarazani amekaa mkekani na mama yake, anamgeuzia sahani na kumwambia mchuzi uko upande gani. Mkono wa Medina ulikuwa umepona, imebaki alama. Mkurugenzi akawaamkia, akatoa fomu kwa mikono miwili.

"Karibu, Mzee," Zuhurah akasema. "Nitaiona. Lakini sisaini kitu kabla Mama hajala."

Kanuni hiyo Mkurugenzi aliijua, aliiishi miaka yote. Akakaa.

Medina aligeuza uso kuelekea ile sauti, akauliza ni nani. Akaambiwa ni mkubwa kutoka Arua.

"Anataka nini?"

"Anataka sahihi, Mama."

Medina akatafuna kwanza, akameza. "Mutu iko na njaa," akasema. "Lete maji anawe."

Mkurugenzi akanawishwa mikono. Mbele yake ikawekwa kisra, ile mikate myembamba ya Wanubi, na bakuli la mchuzi wa bamia. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Alimtazama Zuhurah, kwa sababu ya Fungu la Sita, na Zuhurah akaitikia kwa kichwa kwamba ale. Akala. Alipomaliza Medina alisikia kimya cha sahani yake, akamwongezea.

Yeye mwenyewe Medina hakuwa na haraka. Anayekula bila macho hula pole pole, na bintiye yuko nyumbani, hakuna kinachomkimbiza. Alisema atachukua kidogo tena, kisha chai, kisha ataona. Fomu ilikuwa chini ya bakuli la bamia, na Mkurugenzi Ondoga hakuuliza itatoka lini.